Sura ya nne imekubali, sababu ni mbeta tupu

Jana saa sita usiku na kitu sura ya nne imekubali. Imenila wiki tano jamani. Mnaofuatilia hii riwaya yangu fupi mnaijua habari yenyewe, kijana wa Kilolo anashuka kwa mguu mpaka Kalenga, Iringa, kuona fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, linarudishwa kutoka Ujerumani, tarehe 19 Juni 1954. Historia nilishaichimba mpaka basi: Mkataba wa Versailles wa 1919 ulishawadai Wajerumani kwenye kifungu cha 246, danadana ikapigwa miaka na miaka, mpaka gavana wa Tanganyika, Twining, akaenda mwenyewe makumbusho ya Bremen akachagua moja, akaja kumkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Wapo wanaobisha kama ndio lenyewe kweli, huo ubishi nimeutia mdomoni mwa mlevi mmoja, sura ya saba.

Fuvu halikunisumbua hata kidogo. Kilichonitesa ni ulanzi, pombe ya mwanzi.

Kijana anafika Kalenga hoi, nikampa mtogwa, yaani ulanzi mbichi, mtamu bado, nyuki mmoja anaelea juu. Ile aya niliipenda sana, sikuisoma popote, nimeitoa kichwani mwangu na kwenye mianzi ya babu. Nikampigia bibi nikamsomea, akanyamaza, nikajua imemgusa, kumbe anatafuta pa kuanzia. "We mume wangu, mwezi wa sita ulanzi umeutoa wapi?"

Nikaishiwa pozi. Na najua kabisa! Ulanzi ni wa masika, mwanzi mchanga unakatwa ncha, unatundikiwa mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, asubuhi na jioni mgemaji anapita kuchonga tena kidogo la sivyo kidonda kinakauka, mvua ikikata na wenyewe unakata. Juni huku kwetu ni baridi, upepo na vumbi. Sasa mbona kichwani mwangu ulanzi upo siku zote? Nimewaza siku tatu ndo nikapata, kwa babu nilikuwa naenda likizo ya Pasaka tu. Sijawahi kuiona ile mianzi Juni hata siku moja. Kumbukumbu yangu ina msimu mmoja na mimi nimeitandaza mwaka mzima.

Nikajaribu kuparaza. Nikaweka komoni, pombe ya nafaka, lakini sura ya sita nzima inategemea mbeta aliyopewa na baba yake, na komoni na mbeta wapi na wapi. Nikasema basi ni ulanzi uliobaki tangu mwezi wa nne, bibi akacheka mpaka simu ikakatika. Tarehe siwezi kuisogeza, hiyo sio yangu.

Halafu kuna hii simu, kila nikiandika mbeta inanirekebishia inaweka beta, nimeizima nikarudi kwenye kaunta buku na penseli na sioni aibu. Ila kurekodi sauti siachi, maana nikiandika anachosema bibi napata maneno tu, nikirekodi napata na kuku, na ule mguno wake kabla ya kumsema mtu.

Jumamosi nikapanda gari nikaenda kwake. Jikoni, juu ya mafiga, kuna mbeta ya babu imening'inia, nyeusi tii kwa masizi na ina ufa ubavuni. Nikaishusha nikaingiza pua. Uchachu! Babu ana miaka tisa kaburini na mwanzi bado unanuka uchachu na moshi, na chini kabisa nyuki amegandia, mkavu kama ganda la karanga.

Hapo hapo nikaomba kalamu. Kijana sasa anabeba mbeta tupu, baba kamwambia usiende kwa watu mikono mitupu, basi kabeba hiyohiyo. Kalenga mzee mmoja anaiomba akidhani kuna kitu, anakuta hamna, badala ya kuirudisha ananusa, ananusa muda mrefu, halafu anauliza kwenu mvua ilikata lini. Basi, sura imeishia hapo. Fuvu lenyewe linapita nyuma yao na hawajageuka.

Wiki hii nilipanga kuanza sura ya tano, hotuba na magwaride. Sianzi. Nimeshaandika kurasa nne za mgemaji peke yake mwezi wa pili, mvua, utelezi, kisu kimedondoka kwenye majani hakionekani. Bibi nimemsomea mbili za kwanza. Ameuliza kisu nimekishikisha mkono gani, nikamwambia wa kulia, akaguna.