Raundi tano Nürburgring na Altezza yangu

Tulitoka Köln kwenda Nürburgring, ile barabara ya mbio ya huku Ujerumani, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, giza bado, gari tatu. Mbele jamaa wa Mombasa na Impreza yake, katikati kijana wa Kijerumani ninayefanya naye kazi ana Golf GTI, nyuma mimi na fundi kwenye Lexus IS200 yangu ambayo mimi siiti Lexus hata siku moja, naiita Altezza maana ndo ile ile, Tanga na Dar zimejaa, huku Ulaya ilikuja tu na jina lingine kuanzia 1999. Silinda sita, lita mbili, hosipawa 155, gia sita za mkono na tairi za nyuma ndo zinasukuma. Sio gari ya kutisha mtu kwa nguvu, ila ukiingia nayo kona inakuambia kila kitu, na mimi hilo ndo nalipenda kuliko tabo.

Fundi ni mtu mzima kwangu, kanizidi miaka kama ishirini hivi, kabla hajaja Ujerumani alikuwa na gereji yake Ngamiani pale Tanga, na mpaka leo nikimkuta naanza na shikamoo ndo mengine yafuate. Yeye ndo aliyenifundisha kushika spana. Gari tuliigusa wote wawili miezi minne, kila wikendi, shokapu za kupandisha na kushusha, springi ngumu, bushi mpya mbele na nyuma, tairi nzuri, siti ya resi upande wa dereva na breki pedi za kuhimili joto. Kila kitu kimeingizwa kwenye karatasi za gari, maana hapa ukifunga shokapu ambayo haijapita kwa TÜV, wale wakaguzi wa magari, polisi wanaweza kukunyang'anya ruhusa ya kutembea nayo hapo hapo barabarani, na wikendi maeneo ya Nürburgring wanasimamisha kweli kweli, wanalala chini na tochi wanaangalia.

Kitu kimoja hatukukigusa, na ndo kilichotuletea shida, nitafika huko.

Njia ni fupi, kama kilomita 90 tu, unashika A61 unatokea Wehr halafu unapanda milima ya Eifel. Ukungu ulikuwa mzito, baridi imekaa mpaka kwenye vioo, fundi kashika chupa ya chai katikati ya magoti na chapati zimefungwa kwenye kitambaa, hasemi kitu, anasikiliza gari. Akisikia mlio wowote anageuza shingo kidogo. Kuna mahali akasema "dogo, hiyo ni tairi au ni bearingi?" nikasema tairi fundi, akakaa kimya kilomita mbili nyingine ndo akasema "haya, tairi." Halafu ukungu ukafunguka kidogo na juu ya kilima likatokea gofu la ngome ya Nürburg, na mimi mtu mzima na watoto wawili moyo ukaanza kunipiga kama naenda kufanya mtihani wa darasa la saba.

Mtu wa Tanga nikitaka kumwelezea ile barabara namwambia chukua ile ya Mombo kwenda Lushoto, ipanue kidogo, itie lami nzuri, ondoa malori na bodaboda na kila kinachokuja mbele yako, halafu weka vyuma pembeni kushoto na kulia mwanzo mwisho. Ndo Nordschleife hiyo, mzunguko wa kaskazini wa Nürburgring. Kilomita 20.8, kona 73 kwa hesabu wanayotumia wengi, na kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa kuna tofauti ya karibu mita 300. Waliianza 1925 kipindi mikoa ile haina kazi, wakachukua wanaume waliokuwa hawana ajira wakachimba msituni kwa miaka miwili, 1927 ikafunguliwa. Miaka karibu mia na bado mtu wa kawaida unaenda na gari yako ya kwendea sokoni, unalipa, sisi tulilipa euro 35 kwa raundi, geti linafunguka unaingia. Mimi nimejaza raundi tano kwenye kadi.

Ila watu wengi nyumbani wanadhani ni mashindano, sio. Siku hizo ambazo iko wazi kwa kila mtu, kisheria ile ni barabara ya kulipia ya upande mmoja, sheria za barabarani zinafanya kazi zote, kuovateki ni kushoto tu, ukimuona mwenye kasi nyuma yako unawasha indiketa ya kulia unakaa kulia unampisha, na kupima muda ni marufuku. Kila raundi unatoka nje kupitia geti, huwezi kuunganisha mbili. Na ukigonga unalipia vyuma ulivyokunja, unalipia gari la kukuvuta, na kampuni nyingi za bima zimeandika wazi kwenye mkataba kwamba pale hazihusiki. Kijana wa Golf alikuwa ametuambia mara kumi njiani, mara ya kumi na moja akatuambia tukiwa kwenye foleni ya geti na tukamshukuru tena kwa sababu anamaanisha.

Raundi ya kwanza nilienda kama nampeleka mama hospitali. Mwanzoni kuna kona iliyopewa jina la Sabine Schmitz, yule dada aliyekulia kijijini pale Nürburg hotelini kwao, akashinda mbio za saa 24 za hapo hapo mwaka 1996 na 1997, amefariki 2021, na ukipita pale na gari yako unajisikia kama umebisha hodi nyumbani kwa mwenyewe. Baada ya hapo Hatzenbach, kushoto kulia kushoto kulia hupati hata nafasi ya kupumua, kisha Flugplatz gari inakuwa nyepesi kwenye mgongo wa kilima, stelingi inalegea mkononi sekunde moja halafu inarudi. Fuchsröhre ndo iliyoninyoosha, unashuka msituni moja kwa moja miti imekubana pande zote, chini kabisa bonde linakusukumia kwenye siti mpaka mashavu yanashuka, na hapo hapo unapanda na kona ya Adenauer Forst inakusubiri haionekani. Wengi wanaishia kwenye majani pale. Gari kama kumi zilinipita, Porsche mbili zilipita kama upepo wa kusi, nikawasha indiketa nikawaachia. Fundi kashika mpini wa juu ya mlango. Tulipotoka getini akasema neno moja tu, "tena."

Raundi ya pili niliamini gari. Shokapu zilikuwa zinafanya kazi nzuri mno, gari haiinami, nikaanza kuchelewa kufunga breki, kidogo tu, halafu kidogo tena. Schwedenkreuz ni spidi, ukitoka pale unafunga breki za nguvu kuingia Aremberg, nikafunga, sawa. Adenauer Forst nikafunga, sawa. Kallenhard nikahisi pedeli imeingia ndani kuliko kawaida, kama unakanyaga sponji, nikasema labda mguu wangu. Pale kuanzia Kallenhard kwenda Wehrseifen mpaka daraja la Breidscheid ni mteremko tu, ndo sehemu ya chini kabisa ya barabara nzima. Nikakanyaga breki kabla ya Wehrseifen na pedeli ikaenda mpaka kwenye kapeti.

Nataka niseme ile hali ilivyo maana nimewahi kusoma tu. Hakuna kelele. Hakuna harufu kwa wakati ule. Mguu unakwenda chini kama umekanyaga maji, na gari inaendelea kama vile hujaiambia kitu. Mimi nikaganda. Fundi hakupiga kelele, alisema kwa sauti ile ile ya gerejini, "pampu, pampu, pampu, shusha gia." Nikapampu mara tatu, nne, pedeli ikarudi nusu, nikatupa gia ya tatu halafu ya pili injini ikalia mpaka nikaogopa itapasuka, nyuma ikacheza kidogo, tukaingia kona tukiwa wapana sana, upande wangu chuma kikapita karibu kiasi kwamba niliona vichwa vya bolti kimoja kimoja. Tukavuka daraja. Baada ya daraja barabara inapanda, na mlima ule ndo uliotusimamisha, sio mimi.

Kusimama mle ndani ni hatari zaidi, kwa hiyo nikawasha taa za dharura nikakaa kulia, gia ya tatu, taratibu mpaka mwisho. Tulipita Bergwerk kwa mwendo wa baiskeli. Pale karibu ndo dereva wa Formula 1 Niki Lauda aliwaka na gari tarehe 1 Agosti 1976, madereva wenzake wakasimamisha magari yao wakaingia kwenye moto kumtoa, na Formula 1 haikurudi tena kwenye barabara hii. Nilikuwa najua hiyo habari toka utotoni, kaka yangu alinisimulia, ila kupita pale na mguu unatetemeka juu ya pedeli isiyo na kitu ni habari nyingine.

Kwenye paking nikataka kuvuta hendibreki fundi akanishika mkono. Diski zikiwa za moto vile ukivuta hendibreki breki zinaweza kuganda pale pale. Tukaweka gia, tukaegesha jiwe kwenye tairi. Sasa ndo harufu ikaja, ile ya breki iliyoungua, kali, inakaa kooni. Fundi akafungua boneti, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachovya kidole akanionyesha. Rangi ya chai ya rangi.

Tulibadilisha pedi, mafuta tukaacha yale yale, sijui ya miaka mingapi. Na mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani, kama chumvi mezani kwetu Tanga kipindi cha masika, unaikuta imelowa na hakuna aliyeimwagia maji. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 ndo ichemke, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155 huko. Pedi zangu mpya zilivumilia joto vizuri kabisa, zikalipitisha kwenye mafuta, mafuta yakachemka yakawa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea, nguvu haifiki kwenye diski. Nimetumia hela kwenye shokapu miezi minne nikaacha chupa moja ya mafuta. Fundi akaniambia "mimi ndo nilitakiwa kuuliza" na akaumia kweli, nilimuona, siku nzima hakula ile chapati.

Jamaa wa Mombasa ndo aliyetuokoa, alikuwa na lita nzima ya mafuta ya resi kwenye buti, yale ya kuvumilia zaidi ya nyuzi 300. Akasema "chukueni yote, miye nimebadilisha juzi." Tulilala Adenau, mji mdogo wa jirani, tukamuomba mama mwenye nyumba ruhusa ya kutumia uwanja wake, tukatandika nailoni chini maana tone likimwagika kwenye udongo hapa ni kesi, na Jumapili hairuhusiwi kugonga gonga kwa hiyo ilikuwa lazima tumalize jioni ile ile.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mimi ndani, yeye chini na spana ndogo na mpira mweupe umeingia kwenye chupa tupu ya maji. Tulianza tairi ya nyuma kulia, ile ya mbali zaidi. "Kanyaga." Nakanyaga. "Shika." Nashika, anafungua nati robo, pedeli inazama polepole. Anafunga. "Achia." Na kuanzia hapo ni hayo maneno matatu tu, saa nzima na nusu, jua linazama, mama mwenye nyumba katuletea taa bila kuombwa. Kwenye mpira yalianza kutoka meusi, yakaja ya kahawia na vipovu vidogo vidogo kama soda, halafu ghafla yakaja meupe yanapitisha mwanga. Fundi akasema njoo uone. Nikashuka nikapiga magoti pembeni yake tukayaangalia yale mafuta masafi yanavyopita kwenye mpira, hakuna aliyesema kitu. Machafu tukayafungia kwenye chupa nikarudi nayo Köln kuyapeleka wanapopokea.

Jumapili asubuhi barabara ilifungwa karibu saa nzima, kuna kijana BMW yake ilimshinda akagonga, ikapita imebebwa juu ya gari la kuvuta, ubavu wote umeingia ndani. Yeye mzima, anatembea, ila alikaa peke yake kwenye ukingo wa paking na helmeti mapajani. Jamaa wa Mombasa akamfuata na kikombe cha chai. Walikaa pamoja sijui wakiongea lugha gani.

Walipofungua nikaenda raundi mbili. Wehrseifen nilifunga breki mapema sana, mapema kuliko hata raundi ya kwanza, na pedeli ikasimama juu, ngumu kama jiwe. Raundi ya nne nikafunga inapostahili. Sijui dakika ngapi na sitaki kujua.

Ikabaki raundi moja kwenye kadi. Nikamuuliza fundi twende, akawa anajifuta mikono na tambara ambalo lilikuwa safi, akasema taratibu, "naomba niendeshe mimi." Miaka yote anatengenezea watu magari, Ngamiani na huku, hajawahi kuendesha hata moja jinsi alivyokuwa anaisikia kichwani. Nikampa funguo kwa mikono miwili.

Hakuwa na haraka, aliwapisha wote, ila kila gia iliingia bila mshtuko, na kule Karussell, ile kona ya zege iliyolala, aliishusha Altezza ndani ya bakuli polepole tairi za kushoto zikaanza kupiga viungo vya zege tap tap tap tap na mimi nikamuona anahesabu kwa midomo. Tukatoka, tukapanda Hohe Acht, tukashuka, Döttinger Höhe akaiachia kidogo.

Kwenye paking akaweka gia ya kwanza, hakuvuta hendibreki. Akazima injini. Mikono ikabaki juu ya stelingi. Nikashuka peke yangu kwenda kutafuta jiwe la kuegesha tairi.