Nilivyoilisha filamenti ya IV-18 kwa betri ya sola

Saa yangu inatumia IV-18, taa ya Kisovieti ya namba za kijani. Filamenti yake, yaani waya mwembamba unaopashwa moto utoe elektroni, inataka 5 V na mkondo wa kama 85 mA. Ukiipa DC tupu (mkondo wa upande mmoja) inawaka, ila upande mmoja hufifia. Ncha moja ya waya iko 0 V na nyingine 5 V, hivyo namba za upande wa pili zinapungukiwa volti 5. Kwenye anodi (vipande vya namba vinavyong'aa vikipigwa na elektroni) ya 25 V hiyo ni sehemu ya tano, na jicho linaiona. Dawa yake ni AC, mkondo unaogeuka upande kila mara.

Transfoma ya 50 Hz sikuitaka. Saa inakula betri ya sola ya 12 V, na isitoshe 50 Hz hugongana na kasi ya kubadilisha namba, mwanga ukawa unapanda na kushuka. Nilichukua L9110S, chipu ya kuendeshea mota ndogo. Arduino Nano, bodi ndogo inayoendesha saa, inaipa mawimbi ya 25 kHz kutoka pini 9 na 10 za Taima 1, moja ikiwa kinyume cha nyingine. Umeme wa chipu unatoka kwenye moduli ya LM2596, inayoshusha volti za betri. Usiungie 12 V moja kwa moja, filamenti itakatika.

Kati ya chipu na kila ncha ya filamenti weka kapasita ya seramiki ya 10 µF. Kisha kutoka kila ncha peleka rizista ya 220 Ω kwenye zena (diodi inayoshikilia volti pale pale) ya 5.1 V, ambayo inalishwa na 12 V kupitia 1 kΩ. Watu huiruka hatua hii, halafu wanashangaa namba zilizozimwa zinabaki na kivuli. Gridi, wavu unaoruhusu au kuzuia elektroni kwenda kwenye namba, ikizimwa hushuka hadi 0 V. Filamenti nayo ikifika 0 V, elektroni zinapita tu. Kwa zena, filamenti haishuki chini ya kama 2.6 V. Gharama yake ni kupandisha anodi kutoka 25 V hadi 30 V.

Kupima ndiko kwenye mtego. Multimita za bei nafuu hazisomi AC ya 25 kHz. Namba utakayoiona ni ya uongo. Pima upande wa DC: weka multimita kwenye miliampea kati ya LM2596 na L9110S, anodi ikiwa imezimwa. Mawimbi ya mraba huvuta mkondo ule ule muda wote, kwa hiyo unachokisoma ndicho kinachopita. Anza na 4 V, panda taratibu hadi 96 mA hivi: 85 za filamenti na 11 za zile rizista mbili. LM2596 itaonyesha zaidi ya 5 V kidogo, kwa sababu chipu nayo inakula volti zake.

Kama huna IV-18, kwa mafundi redio wa Majengo hapa Dodoma ulizia deki mbovu za kanda zenye kioo cha namba cha aina hii. Kioo chake hakina maandishi ya volti, lakini filamenti utaitambua: pini za ncha mbili zinasoma oumu chache, nyingine zote hazisomi kitu. Ingia chumba chenye giza, anza na betri moja ya 1.5 V, ongeza kidogokidogo. Waya ukianza kuonekana mwekundu umeshapita; rudi nyuma mpaka wekundu upotee, uandike mkondo unaousoma hapo.