Siku ya Tatu ya Mashine

Wiki ya mume wangu ilikuwa na siku mbili za mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimechoka, na siku tano za kwake mwenyewe. Jumatatu na Alhamisi aliamka saa 10 alfajiri, bajaji ya kijana wa jirani ikamchukua pale Nkuhungu, mtaa wetu wa Dodoma, na saa 12 asubuhi alikuwa ameshapanda mzani na kunyoosha mkono wa kushoto achomwe sindano. Jumanne jioni, uchovu ukishamtoka, alipanda gari la Hombolo. Kule ana eka moja na nusu ya zabibu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alilala shambani, akashinda huko Jumatano, akarudi mjini usiku na vumbi mpaka masikioni. Alhamisi, mashine tena.

Mei mwaka jana daktari akasema mara mbili hazitoshi. Iwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Mimi nilifurahi. Nalisema mapema ili nisije nikajipamba huko mbele. Nilikuwa nimemsumbua miezi kadhaa aiombe hiyo siku ya tatu. Niko Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Akiwa anaunganishwa kwenye mashine saa 12 asubuhi Dodoma, huku wakati wa baridi ni saa 9 usiku, wazee wamelala, na mimi nina simu na maswali. Nilikuwa nimeshasoma kwamba huku utaratibu wa kawaida ni mzunguko wa saa 4 kwenye mashine, mara tatu kwa wiki. Nikaamini mume wangu anapunjwa.

Hakuwa anapunjwa. Alipoanza kusafishwa damu, Novemba 2023, figo zake zilikuwa bado zinatoa mkojo, kama chupa mbili za soda kwa siku. Mtu wa namna hiyo figo zake zinafanya sehemu ya kazi na mashine inajazia palipobaki, kwa hiyo mara mbili zinaweza kumtosha kwa muda. Lakini mkojo hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Wa kwake ulipungua kimya kimya. Yeye hakusema, mimi sikuuliza, maana nani anampigia mumewe simu kutoka ng'ambo kumuuliza amekojoa kiasi gani? (Siku hizi namuuliza. Ananijibu kwa Kigogo, na jibu lenyewe silitafsiri hapa.)

Basi hesabu ya maji ikaanza kumshinda. Kutoka Alhamisi mchana mpaka Jumatatu alfajiri ni karibu siku nne, na mnajua joto la Dodoma lilivyo kabla mvua haijanyesha. Anayetakiwa kunywa nusu lita kwa siku, juu yake aongeze kiasi alichokojoa jana tu, anaishi katika mji ambao hata mbuzi wanagombania kivuli. Jumatatu alipanda mzani akiwa na kilo nne na nusu zaidi. Kila kilo ni lita moja ya maji. Uzito wake mkavu, yaani akiwa hana maji ya ziada, ni kilo 62, na wataalamu hawapendi kutoa zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Pigeni hesabu kama nilivyopiga mimi nyuma ya karatasi ya zamu: kwa saa 4 ni lita 3 na kidogo. Hiyo lita iliyobaki ama ibaki mwilini, imvimbishe miguu na kumnyima pumzi usiku, ama wamkamue. Wakimkamua, presha inaporomoka na misuli ya miguu inabana mpaka anapiga kelele mbele za watu, yeye ambaye hata kwenye msiba wa baba yake alilia kwa staha. Mara mbili walilazimika kumrudishia maji kwa dripu, maji yale yale waliyohangaika kuyatoa.

Kwa hiyo siku ya tatu ilikuwa haki yake na haraka yake. Daktari alikuwa sahihi, na mimi kwa bahati nilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa jioni ile aliponipigia.

Akasema, "Mama watoto, wameongeza. Sasa na Jumatano."

Nikasema Mungu mkubwa.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na Jumatano yangu je?"

Nikamwambia hela ipo, asiwe na wasiwasi.

Nimeirudia ile simu kichwani mara nyingi. Aliniuliza habari ya Jumatano, nikamjibu habari ya hela.

Na hela yenyewe, tuseme ukweli, ilinitoa jasho. Mizunguko 8 au 9 kwa mwezi inakuwa 13. Sisi tunalipa wenyewe, laki mbili kila mzunguko, kwa hiyo ilitoka milioni moja na laki saba hivi ikafika milioni mbili na laki sita, kabla ya sindano za kuongeza damu na nauli ya bajaji. Nilichukua zamu za ziada mpaka meneja akaniuliza kama nina nyumba. Nyumba ninayo, iko Nkuhungu, na siwezi kuileta huku: tangu Machi 2024 aliyekuja na viza ya kazi ya kutunza wazee hakuruhusiwa kuja na mume wala watoto, na mimi nilitua Agosti mwaka huo huo. Watu wananiuliza kwa nini nisingebaki nimtunze mwenyewe. Ningebaki, nani angelipa? Hili nimeshaacha kulijibu.

Kilichofuata kinanitia aibu zaidi. Kazini kila mzee ana karatasi yake ya maji: kaingiza kiasi gani, katoa kiasi gani, saa ngapi, nani kashuhudia. Nikamhamishia mume wangu karatasi hiyo. Nilitaka picha ya mzani kila asubuhi. Nilitaka picha ya sahani. Nilimwambia wifi yangu, anayekaa naye, anunue kikombe chenye alama za mililita. Akichelewa kutuma, napiga. Asipopokea, nampigia wifi. Wifi asipopokea, napiga kwa kijana wa bajaji, maskini ya Mungu, akiwa barabarani na abiria.

Wiki ya tatu mume wangu akaanza kuniwekea simu kimya. Wifi ndiye aliyenipasulia. "Wifi, mimi nakuheshimu. Lakini kaka huyu maji hayatamuua kabla ya simu yako."

Nilikasirika siku mbili nzima. Halafu nikajiuliza ni nini hasa nilikuwa natafuta kwenye zile picha za mzani, nikaona ni usingizi wangu mwenyewe.

Kuna mwenzangu kazini, mtu wa Afrika ya Magharibi, mumewe anajisafisha damu nyumbani kwao, siku tano kwa wiki, kwa mashine iliyowekwa chumbani. Huku jambo hilo lipo. Mgonjwa na mkewe wanafundishwa wiki kadhaa, kisha wanafanya wenyewe. Mizunguko mingi na mifupi humwondolea mtu ile mizigo ya maji, na anakula kwa uhuru kidogo. Nikapagawa na wazo hilo. Nikasoma utafiti mkubwa uliotangazwa 2010, wa Marekani na Kanada, uliolinganisha mara sita kwa wiki na mara tatu. Wale wa mara sita mioyo yao ilikaa vizuri zaidi, ila mishipa yao ya kuchomea sindano ilihitaji matengenezo mara nyingi zaidi. Nikamsimulia mume wangu kwa bidii zote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mara sita," akasema. "Basi nihamie huko huko, muwe mnakuja kunitembelea."

Na kweli, mzunguko mmoja pale hospitali unatumia kama lita 120 za maji yaliyochujwa mpaka hayana hata chembe ya chumvi. Sisi Nkuhungu tunakinga maji kwenye pipa yakitoka, na birika letu lina ukoko mweupe. Nikaliweka wazo chini.

Februari nilipata likizo ya wiki tatu. Kutoka Dar nilipanda treni ya umeme, ambayo nilipoondoka ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze kufika Dodoma. Safari haikufika saa 4, muda wa mzunguko mmoja, na nilijikuta nahesabu vituo kwa lita: Morogoro, hapa wangekuwa wameshamtoa lita moja. Alikuja kunipokea mwenyewe. Amekonda, lakini miguu haikuvimba, na alitembea kutoka kituoni bila kusimama kupumua. Mzunguko wa tatu ulikuwa umefanya kazi yake. Siku hizi anaingia na kilo mbili, mbili na nusu, na anatoka kwa miguu yake.

Usiku ule nikasikia kitu ambacho hakuna simu iliyowahi kunifikishia. Ule mshipa waliouunganisha mkononi kwa ajili ya sindano unatetema, ukiweka kiganja unausikia, na ukiweka sikio unanguruma kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Anatakiwa aushike kila asubuhi kuhakikisha bado unatetema. Ukinyamaza, ni kukimbilia hospitali. Tulishajaribu kuunasa kwa simu, nikasikia jogoo tu. Nililala na sikio langu pale mpaka mkono ukamfa ganzi, akaniomba nimpishe.

Mama mkwe alikuja siku ya pili kutoka Chamwino na kapu: mlenda mkavu, ubuyu, karanga. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, moyo ukinienda mbio. Ubuyu una madini ya potasiamu mengi sana, na mtu asiyekojoa, potasiamu humrundikia mpaka moyo unaweza kusimama ghafla. Lakini unamwambiaje mama aliyemlea mtoto kwa ubuyu kwamba ubuyu utamuua mtoto wake? Alishaanza: "Mwanangu, ubuyu ni damu." Nilinyamaza. Tulipokwenda jikoni wote wawili, nikaanza na mlenda, kwa sababu mlenda una njia. Nikamwonyesha: majani yachemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ndipo yapikwe upya, na apewe kidogo. Akakubali, ingawa alisema tumemwaga utamu. Halafu akatoa magadi.

"Mama, haya hapana."

"Si chumvi hii."

"Mama, ni chumvi iliyovaa kanzu nyingine."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Magadi akayarudisha kapuni. Ubuyu hakuutaja tena, na jioni nilimkuta anawagawia watoto wa jirani, wakitema mbegu uani.

Jumamosi mume wangu alinipeleka Hombolo. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekifanya bila kuniambia. Jumatano haikurudi, kwa hiyo alikuwa amehamishia shamba mwisho wa wiki. Anasafishwa Ijumaa, analala, Jumamosi alfajiri anakwenda, Jumapili anasali kanisa la huko huko, jioni anarudi ili Jumatatu awe kwenye kiti chake. Mpwa wake ndiye anayebeba kreti. Mkono wa kushoto haubebi kitu, haufungwi hata saa. Yeye anakata vichala kwa mkono wa kulia, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ana thermosi ya vipande vya barafu, ananyonya kimoja kimoja. Zabibu mbichi anaonja chache, hazina shida sana. Zilizokaushwa ndizo alizokatazwa.

Nilitaka kusema. Nilishasoma utafiti wa 2011, wagonjwa zaidi ya elfu 32 wa Marekani, kwamba vifo huzidi siku inayofuata ile likizo ndefu ya mashine, yaani Jumatatu kwa mtu kama yeye. Na yeye ndiyo siku mbili hizo hizo ameamua kukaa juani. Maneno yalinifika kwenye meno. Nikamtazama akigeuza kichala, anapuliza vumbi, anakitupa kimoja kilichooza bila kuangalia kilipoangukia. Nikamuuliza thermosi imebaki na barafu ngapi. Akasema saba. Nikakaa naye chini.

Tumeelewana hivi: picha za mzani hakuna. Jumapili jioni akishafika nyumbani ananitumia neno moja, "nimerudi", na kama pumzi inabana au miguu imejaa ananiambia mimi kabla ya kumwambia wifi. Mimi sipigi saa za shamba. Habari ya kupandikizwa figo tumeianza. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo hapo Dodoma, inafanya kazi hiyo tangu 2018, na mdogo wake amejitolea kupimwa. Hayo yana marefu yake.

Jumatano iliyopita nilimpigia saa 9 na nusu usiku wangu. Alikuwa ameshaunganishwa, nasikia mlio wa mashine na mgonjwa wa pembeni anabishana na nesi kuhusu Simba na Yanga. Akaniambia wanunuzi wa zabibu wamepunguza bei, nzi wamezidi, mpwa wake anataka kuoa. Nikamuuliza anaoa kwa nani. Alipoanza kunieleza ukoo wa binti, kengele ya chumba namba 9 ikalia. Nikamwambia baba, subiri nikamgeuze bibi wa watu, nitakupigia ukichomolewa.

"Usichelewe," akasema. "Sijafika kwenye mahari."