Naamini wapo, siamini kama wameshafika

Niseme mapema ili anayetaka kubisha ajue pa kuanzia: naamini katika ulimwengu huu wapo viumbe wengine wenye akili, na siamini kwamba wamewahi kutua duniani. Mambo hayo mawili watu huyachanganya, hasa kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Tanga. Ikipita video ya taa inayoelea angani, mmoja anaandika "haya sasa, mlikuwa mnabisha", mwingine anasema ni majini, wa tatu anasema ni Wamarekani. Kisha wanagombana mpaka usiku wa manane, na hakuna hata mmoja aliyeuliza video ilipigwa wapi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Sahare, na kwetu ni watu wa bahari. Baba yangu mdogo ni nahodha wa boti ya dagaa. Wavuvi wa dagaa hutoka mwezi ukiwa giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti samaki. Kwa hiyo hapa mjini hakuna watu wanaokaa na anga muda mrefu kuliko wao, tena katika usiku ule ule ambao nyota zinaonekana vizuri zaidi. Mvuvi akiniambia ameona kitu, simcheki. Namuuliza maswali.

Alfajiri moja baba mdogo alinipigia simu kutoka huko huko baharini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo tumeona jambo. Taa zimepangana mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, zinakwenda pamoja. Vijana wamehesabu wakashindwa."

"Zimetoka wapi, zimekwenda wapi?"

"Zimetoka upande wa Usambara, zikapita juu yetu, zikateremkia Pemba."

"Mlianza kuziona zikichomoza mlimani?"

"Hapana. Hapo ndipo pametutisha. Mlimani hapakuwa na kitu. Ziliwaka juu kwa juu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu anawasha."

"Sauti je?"

"Kimya. Na wingu lilizifunika."

Hayo majibu mawili ya mwisho yalinitosha. Wingu likiifunika taa, taa iko juu ya wingu. Na taa inayowaka katikati ya anga kabla jua halijachomoza ni kitu kinachotoka kwenye kivuli cha dunia: sisi huku chini bado tuko gizani, lakini kilomita mia kadhaa juu jua limeshafika na linakimulika. Zilikuwa setilaiti za Starlink. Kampuni ya SpaceX ya Marekani ilianza kuzirusha kwa mafungu mwaka 2019, na kila fungu linapotoka huonekana kwa siku chache likiwa limefuatana hivyo, kabla kila moja haijapanda na kushika njia yake. Nilimweleza baba mdogo taratibu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa mbona hawakutuambia?"

Swali hilo naliona zito kuliko ubishi wote wa kwenye magrupu. Watu wanaoongoza vyombo vyao kwa nyota wamewekewa nyota mpya na hakuna aliyewapa taarifa. Wana haki ya kushtuka.

Vingine vinavyoletwa kwangu havinipi kazi kubwa. Taa moja kali inayosimama juu ya bahari upande wa Pemba kabla ya mapambazuko, ikibadilika mara nyekundu mara kijani, karibu kila mara ni sayari ya Zuhura. Ikiwa chini karibu na upeo, mwanga wake hupita kwenye hewa nene inayochezacheza, ndiyo maana ile rangi. Na wakati wa maleleji, bahari ikilala, taa za boti za mbali huweza kuonekana zimenyanyuliwa juu ya maji, zinaning'inia hewani. Hayo ni mazigazi. Aliyeyaona hakudanganya; macho yake yamepokea mwanga uliopinda njiani.

Marehemu babu alikuwa akisimulia moto uliopanda mbinguni usiku upande wa kaskazini, yeye akiwa anavua karibu na Moa. Kwa miaka mingi simulizi hiyo ilikuwa ya majini. Lakini anga la pwani hii halijawahi kuwa tupu kama tunavyodhani. Kuanzia 1967 hadi 1988 Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Setilaiti iliyorushwa pale Desemba 12, 1970 ikaitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Babu hakutaja mwaka, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba alichokiona ni roketi ya Malindi. Naweza kusema tu kwamba palikuwa na roketi.

Hata vinavyoanguka, vikipata wa kuvichunguza, hujieleza. Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha kama mita mbili na nusu, uzito wa karibu kilo 500, iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Wanakijiji waliona kitu cha moto kimetoka juu, na walisema kweli tupu. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja, likakichukua, likasema ni kipande cha roketi.

Huko Marekani, ambako habari hizi zilishika moto, mambo yalianza na mtu aliyeaminika. Juni 24, 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier. Akaeleza kwamba vilikuwa vinadunda hewani mithili ya kisahani kilichorushwa juu ya maji. Alikuwa anaeleza mwendo wake. Magazeti yakaandika visahani vinavyoruka, na tangu hapo watu kwa maelfu wakaanza kuona visahani. Jeshi la anga likakusanya taarifa kwenye mradi wa Blue Book kuanzia 1952 mpaka 1969: taarifa 12,618, na kati ya hizo 701 hazikupata maelezo. Hizo 701 ndizo watu wanazozikamatia. Mimi nikizitazama naona visa ambavyo havikupata jibu, kama cha babu. Kukosa maelezo hakumleti mgeni yeyote.

Kuna kisa kimoja, hata hivyo, ambacho kama mwalimu sikiachi haraka. Septemba 16, 1994, katika shule ya Ariel huko Ruwa, Zimbabwe, watoto walikuwa nje wakati wa mapumziko na walimu wako kwenye kikao. Watoto 62 wakasema wameona kitu cha rangi ya fedha nje ya uwanja wa shule, na wengine wakasema wameona kiumbe, au viumbe, wenye macho makubwa meusi. Wakachora. Profesa wa magonjwa ya akili kutoka Harvard, John Mack, alifunga safari kwenda kuwahoji. Leo ni watu wazima, na baadhi yao bado wanasema waliona.

Nimekaa darasani na watoto wa umri ule. Najua mtoto anavyodanganya, na najua kundi la watoto wanavyoogopa. Sidhani kwamba wale walitunga. Lakini kama nilivyomuuliza baba mdogo, napenda kujua kilichotangulia. Usiku wa Septemba 14, siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yaliingia tena kwenye hewa ya dunia yakiwaka juu ya kusini mwa Afrika. Watu wengi waliyaona, redio ikapokea simu, nchi nzima ikawa inazungumzia wageni wa angani. Halafu watoto walihojiwa baada ya siku kadhaa, tena kwa makundi, wenzao wakisikiliza. Ukinipa mtihani wa namna hiyo, wanafunzi wamekaa wote meza moja na wameshazungumza majibu, siwezi kuusahihisha, hata kama kila mmoja ni mkweli. Walistahili kuhojiwa siku ile ile, mmoja mmoja, na mtu asiye na jibu mfukoni. Hawakupata hiyo nafasi, na inaniuma, maana pengine palikuwa na kitu cha kawaida kabisa pale ambacho leo tungekijua.

Watu wa Tanga tunajua vizuri kuliko wengi jinsi jambo lisiloaminika linavyokuja kuaminika, kwa sababu tuna silikanti. Wataalamu walikuwa wakimjua samaki huyu kwa alama zake kwenye mawe tu, wakasema ametoweka pamoja na madinosaria, miaka kama milioni 65 iliyopita. Mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya East London huko Afrika Kusini, akamkuta katika samaki waliovuliwa. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa kule walikuwa wakimjua siku zote na wana jina lake. Kwetu, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, majarife yaliyotegwa kwenye maji marefu yakaanza kumpandisha, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Silikanti ukimtazama kwa karibu hana haja ya mtetezi. Magamba magumu yanayokwaruza kidole, rangi ya samawati iliyofifia yenye mabaka meupe, na yale mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama, kila kimoja na mifupa yake. Profesa anayembishia anaweza kupewa kisu. Wavuvi wa Komoro walikuwa sahihi kabla ya maprofesa, na hilo nalikumbuka kila mvuvi anaponiletea habari. Lakini ubishi uliisha siku samaki alipolazwa mezani.

Kwa wageni wa angani hakuna aliyelaza kitu mezani. Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa afisa wa ujasusi, alikula kiapo mbele ya Bunge la Marekani akasema serikali yake inaficha vyombo visivyo vya wanadamu. Alipobanwa, akasema mambo hayo ameyapata kwa watu wengine. Septemba mwaka huo huo jopo lililoundwa na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, likaeleza kwamba halikupata ushahidi kuwa vitu visivyotambulika vinavyoonekana angani vimetoka nje ya dunia, na kwamba kumbukumbu zenyewe ni mbovu mno kupimika. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliyopewa kazi ya kuvichunguza ikatoa ripoti yenye jibu la namna hiyo hiyo. Naweza kuelewa mtu asiyeziamini serikali. Lakini anga si la serikali moja. Wapo wavuvi, wapo marubani, wapo wapenda nyota wenye darubini nchi zote, na sasa karibu kila mtu ana kamera mfukoni.

Sasa kwa nini nasema wapo? Kwa sababu ya wingi. Kundi letu la nyota, lile wingu jeupe ambalo baba mdogo analiona usiku wa giza limekatiza anga, lina nyota zisizopungua bilioni 100. Mpaka mwaka 1995 hatukuwa na uhakika kama nyota yoyote nyingine inayofanana na jua ina sayari. Mwaka huo Michel Mayor na Didier Queloz wakaipata moja, na leo zilizothibitishwa zimepita 5,000. Nyota moja ndogo, TRAPPIST-1, iko mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua miaka kama 40 kutufikia, na ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribia wa dunia yetu. Kusema kwamba kati ya hizo zote uhai ulizuka hapa tu, mimi roho yangu inakataa. Na kama Muislamu sioni dini inanizuia. Surat Ash-Shuura, aya ya 29, inataja kuumbwa mbingu na ardhi na viumbe alivyovieneza Mwenyezi Mungu humo, na Yeye ni muweza wa kuwakusanya. Masheikh wana tafsiri zao na mimi si sheikh. Nasema tu kwamba aya hiyo hainifungii mlango.

Kinachonizuia kuamini kwamba wamefika ni njia. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, kinakwenda kama kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kutoka Tanga mpaka Dar, hata kwa kufuata barabara, ni sekunde ishirini na kitu. Kingekuwa kinaelekea kwenye nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, safari ingechukua zaidi ya miaka 70,000. Na hata ukiwapa chombo bora mara mia, kuna suala la kukutana. Uhai duniani una miaka zaidi ya bilioni tatu, lakini sisi tumeanza kutuma mawimbi ya redio juzi tu, miaka mia na kitu. Huenda wenzetu walikuwepo wakaondoka kabla ya silikanti wa kwanza, au bado wako kwenye maji kama vijidudu. Mtaalamu wa nyota Frank Drake alipoelekeza darubini ya redio kwenye nyota mbili mwaka 1960, huko Green Bank, Marekani, asikie kama kuna wanaotuma mawimbi, hakusikia kitu. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo na bado kimya. Mimi nataka iendelee. Natamani siku moja mwanafunzi kutoka shule ya Tanga awe mmoja wa wanaosikiliza.

Basi, wewe uliye Moa, Kigombe, Pangani au Kipumbwi, ukiona kitu, usianze na video. Tazama saa kwanza. Angalia upande, kwa kibla au kwa kitu kinachojulikana kama mnara. Nyoosha mkono, uone kiko ngumi ngapi juu ya upeo wa bahari. Kimekaa muda gani, kimepita mbele ya wingu au nyuma yake, na nani mwingine amekiona? Muulize huyo mwenzako kabla hujamsimulia ulichokiona wewe. Kisha niandikie hapa chini. Na kama kimeanguka, usikiguse wala usiwaruhusu watoto wakisogelee, maana vipande vya roketi huweza kubaki na mafuta yenye sumu. Mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi, halafu nipigie picha ukiwa mbali.