Siku moja maishani mwangu: mwanagenzi wa mashine pepe Lubumbashi

Saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimekwisha kufika ofisini, katikati ya jiji, kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Kenya. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kufungua chumba cha seva na kusikiliza feni kabla ya kuwasha skrini yoyote. Seva ni moja tu, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64, lakini ndani yake mna mashine pepe tano, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu tu: ya uhasibu, ya mafaili, ya barua pepe na mbili za majaribio. Kila moja hujiona kompyuta kamili yenye prosesa, diski na anwani yake ya mtandao, kumbe zote hugawiwa riziki na Proxmox, programu ya kusimamia mashine pepe, ambayo hutegemea KVM, kitendeshi cha mashine pepe kilicho sehemu ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux tangu mwaka 2007.

Saa tatu kijana wa idara ya michoro aliniita. "Yaya," alisema, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "njoo uone, inanipa mifumo ya biti 32 peke yake." Alitaka kusimika Windows ya biti 64 ndani ya VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, kwenye kompyuta yake ya mezani, na orodha haikuionyesha. Ninaipenda hitilafu hii kwa sababu dawa yake haimo ndani ya programu. Prosesa za Intel zilianza kupewa uwezo wa kubeba mashine pepe mwaka 2005, zikifuatwa na za AMD mwaka 2006, ila kompyuta kadhaa huuzwa uwezo huo ukiwa umezimwa. Tuliizima kompyuta, tukaingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijaamka, tukauwasha uwezo huo, na ilipoamka orodha ilikuwa kamili.

Saa saba tulikula bukari, yaani ugali, na samaki.

Saa nane na dakika kumi mama wa uhasibu alisimama mlangoni: programu imeganda. Nilipofungua ukurasa wa Proxmox nilikuta alama ya njano kwenye mashine tatu, na neno linaloonyesha kwamba zimeshindwa kuandika kwenye diski. Papa, mzee anayenifundisha kazi, alisogeza kiti, akakaa kando yangu, asiguse kibodi. "Soma kwanza," aliniambia. "Hifadhi imebaki na kiasi gani?" Haikubaki na kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulishika. Diski zetu ni za ahadi: mashine huambiwa, kwa mfano, ina gigabaiti 200, lakini seva huitolea nafasi kidogo kidogo kadiri inavyoandika, na kwa hiyo tuliweza kuahidi jumla ya gigabaiti 1,200 juu ya hifadhi ya gigabaiti 900. Mwezi uliopita, kabla ya kusasisha mashine ya mafaili, niliihifadhi hali yake kwa snapshoti, yaani alama ya kurudia jinsi ilivyokuwa wakati huo, kisha nikaisahau. Tangu siku hiyo kila kipande cha data kilichobadilishwa kiliandikwa mahali papya, huku kile cha zamani kikilindwa na snapshoti ile, mpaka ahadi ikashinda mali. Nilihakikisha kwamba nakala rudufu ya usiku ipo kwenye diski ya nje, nikaifuta snapshoti pamoja na mashine moja ya majaribio, nikasubiri nafasi irudi, ndipo nikaziendeleza mashine moja baada ya nyingine, nikianza na ya uhasibu.

Mimi naona ni kosa kumfundisha mtu kuunda mashine pepe kabla ya kumfundisha kuirejesha, kwani snapshoti hukaa kwenye hifadhi ileile, na hifadhi ikifa hufa nayo. Kwa hiyo saa kumi niliomba ruhusa ya kuijaribu nakala ya usiku. Niliirejesha mashine ya uhasibu kama mashine ya pili yenye namba nyingine ya utambulisho, nikaikata kadi yake ya mtandao kabla ya kuiwasha, maana ingeamka na anwani ileile ya mashine iliyo kazini na zote mbili zingegombana.

Ilichukua dakika ishirini na mbili. Mama wa uhasibu alikuja na daftari lake, akainama mbele ya skrini, akafuata orodha ya ankara kwa kidole mpaka ya mwisho. Ilikuwa ya jana jioni, yenye namba ileile aliyoiandika kwa kalamu.