Nilivyoipanga upya orodha ya machapisho yangu kuhusu pumu na dawa zake

Nilipotakiwa kuwasilisha orodha kamili ya machapisho yangu ili nifikiriwe kupandishwa cheo, niligundua kwamba sikuwa nayo. Makala zilikuwepo, zote zikihusu pumu na matumizi ya dawa zake kwa watu wa Moshi mjini na vijiji vya mlimani, lakini zilikuwa zimetawanyika chini ya majina matatu. Ya kwanza niliiandikia jina langu na la baba. Nyingine mwenzangu aliyeituma aliweka jina la ukoo. Na nilipoolewa nikaanza kutumia la mume. Kwa majarida ya nje, ambayo huchukua neno la mwisho kuwa ndilo jina lenyewe, hao walikuwa watafiti watatu, kila mmoja na kazi kidogo.

Nilianza kwa kujisajili ORCID, mfumo ulioanza mwaka 2012 ambao humpa mtafiti bila malipo namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata akibadili jina au mwajiri. Kila makala niliitafuta kwa namba yake ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala yenyewe, si kwa jina, nikaiunganisha na namba yangu. Muhtasari wa makongamano niliutenga. Makala moja niliyoilipia, ikachapishwa haraka bila mhakiki yeyote kuuliza swali, niliitoa katika kundi la zilizohakikiwa. Iliniuma, kwa sababu wagonjwa waliojibu maswali yangu walikuwa wametoa muda wao kwa nia njema.

Kazi hiyo ya karani ilinilazimu kuzisoma upya makala zangu, na katika mojawapo ya zile za mwanzo nikakuta jambo lililoninyima usingizi. Kichwa cha jedwali kilisema "wanaotumia dawa ya kuzuia pumu", ilhali dodoso, nililolihifadhi kwenye jalada, liliuliza tu: "Je, una dawa ya kuzuia pumu?"

Nilimkumbuka mama mmoja wa Kibosho aliyekuja kliniki na inhela mbili zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Ile ya bluu, ya salbutamoli, dawa ya kutuliza mtu akibanwa, ilikuwa imechakaa kwa kushikwa. Ile ya kahawia, ya beklometasoni, ndiyo dawa ya kuzuia, iling'aa kama imetoka dukani asubuhi ile. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza ile ya pili huivuta lini. "Hiyo, mwanangu, nikibanwa haifanyi kitu. Nimeiweka tu." Nilipomwomba anionyeshe anavyovuta ile ya bluu, alibonyeza mara mbili mfululizo kabla hajaanza kuvuta pumzi, na dawa ikamtoka mdomoni kama moshi. Katika jedwali langu, mtu kama yeye alihesabiwa kuwa anatumia dawa zote mbili.

Tofauti hiyo si ya maneno. Dawa ya kuzuia hupunguza uvimbe wa njia za hewa taratibu, kwa kuvutwa kila siku, wala haitoi nafuu ya papo kwa papo. Asiyeelezwa hivyo ataiona haina kazi. Nayo miongozo ya GINA, jopo la kimataifa kuhusu pumu, tangu mwaka 2019, haipendekezi tena mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa dawa ya bluu peke yake. Msomaji wa jedwali langu angeweza kuamini kwamba kwetu tatizo hilo limekwisha.

Mwenzangu mmoja aliona kwamba kuomba masahihisho wakati wa kupandishwa cheo ni kujiharibia. Nilimwelewa, lakini sikuweza kuitia makala ile kwenye orodha ikiwa vile. Nilimwandikia mhariri barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha swali la dodoso kama lilivyoulizwa pamoja na kichwa kipya, "walio na dawa ya kuzuia pumu", na waandishi wenzangu wote wakaridhia kwa maandishi. Masahihisho yalichapishwa baada ya miezi kadhaa, yakaunganishwa na makala yenyewe.

Katika orodha niliyowasilisha, mstari wa makala ile unafuatwa papo hapo na mstari wa masahihisho yake. Na katika dodoso tunalotumia sasa, baada ya swali la kuwa na dawa, msaidizi hupewa agizo: "Mwombe mgonjwa aonyeshe anavyoivuta. Andika ulichokiona."