Siku moja ya mtu wa sauti wa filamu hapa Goma

Saa kumi na moja na nusu asubuhi niko macho. Umeme ulirudi usiku wa manane, batri tatu zimejaa, ya nne iko nusu, tutaona. Nafunga rekoda, mikro ndogo za kuficha kwa nguo, manyoya ya kuzuia upepo na pershi, ile fimbo ndefu inayobeba mikro kubwa. Napanda moto, yaani pikipiki, mpaka mtaa wa Himbi. Dereva ananiuliza kama naenda kuvua samaki.

Saa moja na nusu. Wa kamera keshafika, watoto wamemzunguka wanataka picha, mimi hakuna anayeniuliza kitu. Naingia ndani nafumba macho nasikiliza nyumba. Saa ya ukutani natoa batri. Friji nazima, halafu naweka funguo ya kwangu ndani ya friji pale pale juu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za mama mwenye nyumba, maana bila hiyo funguo silali kwangu, kwa hiyo siwezi kuondoka bila kuiwasha tena. Mabati yakianza kulia na jua sina dawa yake.

Saa tatu tunaanza uani. Hapa kwetu chini ni mawe meusi ya volkano, mwigizaji akipiga hatua ni kama anatafuna karanga ndani ya sikio langu. Natandika blanketi pale kamera haioni, nyayo nitarekodi peke yake baadaye. Halafu picha ya ndani, taa zinachezacheza kwa skrini, wa kamera amesahau kurudisha shata, ule muda kamera inafungua jicho, kwa 1/50 ya sekunde ili iende sawa na umeme wetu wa hezi 50. Nimemnong'oneza. Sifa amechukua yeye, sawa tu.

Saa nne na kitu ndio ikaanza. Jirani ni fundi wa kuchomelea milango, na ile mashine yake ya kukata chuma ikilia hata Gisenyi kule Rwanda wanasikia. Muongozaji ananiambia "endelea tu, si utasafisha kwa kompyuta". Namweleza: sauti ya mtu naiacha icheze karibu na desibeli -12 kwa rekoda, akipaza isifike 0, ikifika 0 imepasuka, na chuma kikikaa juu ya maneno ya mtu huwezi kukitoa ukaacha maneno. Ananitazama kama nimeomba mshahara. Basi natumwa mimi kuongea na fundi, mara zote ni mimi. Fundi anasema mlango wa mteja unatoka leo. Namwomba dakika kumi, anasema "papa, dakika kumi zenu nazijua". Tunafika kwa franga elfu tano, anazima, tunarudi mbio, mwigizaji amesahau maneno, tunarudia, jogoo, tunarudia, maneno yametoka vizuri kabisa na mashine inawaka kwa neno la mwisho. Narudi. Anasema elfu tano ilikuwa ya zile dakika. Nampa nyingine kutoka mfukoni mwangu, anasogeza kiti anakuja kukaa uani kutazama, na simu yake haijazimwa.

Mchana tulikula wali na maharage, sikumbuki saa ngapi. Baada ya hapo ni mikono tu. Jaribu kushika fimbo juu ya kichwa dakika nne, mikro iangalie kifua cha anayeongea, isiingie kwa picha, kivuli chake kisianguke ukutani, na huruhusiwi hata kumeza mate. Ile ya mtoto analia tuliipiga mara sita.

Giza limeingia, watu wanapakia, nafungua friji, funguo haipo.

"Nimekuwekea huku mwanangu," mama anatoka nayo chumbani. "Uliisahau kwa friji. Na friji ilikuwa imezimika, sambaza zangu zingeoza, nikaiwasha."

"Saa ngapi, mama?"

"Ile saa mtoto alikuwa analia."

Nimesema asante mama. Nimekaa kwa ngazi, nimevaa hedifoni, nimetafuta ile ya sita, ile nzuri. Mtoto anavuta pumzi, ananyamaza, na chini yake kabisa, mmmmmmmm.

Muongozaji yuko kwa gari ananipigia honi.